Mtoto wa Nkombo anachora: kazi haina pesa, au sisi ndio hatulipi?



Wazazi wetu, ndugu zetu na nyinyi wanafunzi,

Leo tuna neno ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wakubwa zetu. Kwa ukali wake tunaomba radhi, kwa neno lenyewe hatuombi.

Tunamzungumzia mtoto wa Nkombo anayechora. Nani asiyemjua? Ndiye yule anayeokota mkaa jikoni na kuchora mtumbwi ukutani hadi mama anapiga kelele. Ndiye ambaye daftari lake la hesabu limejaa nyota na herufi zenye kivuli. Wenzake wakitaka majina yao yaandikwe vizuri kwenye mabegi wanamwendea yeye, na mwalimu akitaka ramani ubaoni anamwita yeye. Sasa amemaliza mwaka wa tatu wa sekondari, anatakiwa kuchagua njia, na amesema wazi kwamba anataka kusomea usanifu wa michoro, ile kazi ambayo vijana wanaiita grafiki. Nyumbani panawaka moto!

Baba anasema hiyo si kazi. Mjomba anatoka Kamembe kuja kusaidia kusema hiyo si kazi. Ustadhi anaongeza kwamba, zaidi ya kutokuwa kazi, ina harufu ya haramu. Na jirani ambaye hakuulizwa anasema kisiwani hapa hata kompyuta ni za kuhesabu, mtoto asome vitu vinavyojulikana.

Hoja ya haramu ni nzito na tutaifikia kwa adabu yake. Iliyotufanya tushike kalamu ni ile ya "hiyo si kazi, haina pesa", kwa sababu tumeitazama kwa karibu tukakuta kwamba wanaoisema ndio wanaoifanya iwe kweli.

Fikirini mtoto huyu huyu akiwa na umri wa miaka 16. Msikiti unataka tangazo la darasa la kina mama: anaitwa yeye. Madrasa inataka vyeti vya waliohitimu juzuu: anaitwa yeye, tena usiku wa kuamkia sherehe. Bwana harusi anataka kadi, mwenye kamati anataka bango la Maulidi, timu ya mpira inataka nembo. Kila mara anaambiwa maneno yale yale: "Kijana wetu, tufanyie hii, ni fii sabilillahi." Anakesha. Asubuhi anarudishiwa karatasi: badilisha rangi, ongeza jina la mgeni rasmi, jina la katibu liwe kubwa kidogo. Anabadilisha mara nne. Kisha kazi inapelekwa kwa mwenye mashine ya kuchapa, na huyo analipwa wino wake, karatasi yake na faida yake, taslimu, bila mtu kumtajia sabilillahi hata mara moja. Mtoto anapewa soda.

Halafu watu wale wale, wiki ile ile, wanakaa na baba yake na kumwambia: "Mzee, mwanao asisomee mambo haya, hayana pesa." Subhanallah! Hayana pesa kwa sababu gani? Seremala aliyetengeneza mimbari alilipwa. Fundi aliyepaka chokaa alilipwa. Mwenye mtumbwi aliyevusha viti kutoka Kamembe alilipwa, na angezuia viti kama asingelipwa. Hadithi ya ujira wa mfanyakazi na jasho lake tumeihifadhi sote, ila tumeamua kwamba jasho ni la mwenye jembe na mwenye nyundo tu. Anayetumia macho na vidole usiku kucha hatokwi jasho, kwa hiyo hadai.

Hatusemi mtu asijitolee. Kujitolea ni ibada, na ibada inaanza na nia ya mwenyewe. Sadaka anaitoa mwenye mali kwa hiari yake, hatoki mtu mwingine kwenda kuichukua mfukoni mwake akaipa jina hilo. Kijana akisema mwenyewe "hii naitoa kwa ajili ya Allah", tumwombee dua. Akikaa kimya kwa sababu anaogopa kuitwa mpenda dunia, hapo tumemdhulumu, tena ndani ya nyumba ya Allah.

Na tusidhani kwamba kazi yenyewe ni ndogo. Chukueni karatasi moja tu inayoingia kila nyumba ya Muislamu kila mwaka: ratiba ya Ramadhani. Watu wanaiona kama jedwali lenye maua pembeni. Sasa angalieni. Kigali iko kwenye nyuzi 30 na kitu mashariki, Nkombo na Kamembe hazifiki hata nyuzi 29. Dunia huzunguka nyuzi moja kwa dakika 4. Maana yake ni kwamba jua linazama kwetu kama dakika 4 hadi 5 baada ya kuzama Kigali, wakati saa za ukutani ni zile zile nchi nzima. Ratiba iliyonakiliwa kutoka Kigali bila kusogezwa inamwambia mtu wa Nkombo afuturu na jua bado halijazama! Anayesikia adhana ya msikiti wa hapa amesalimika. Je, aliye ziwani na nyavu zake, au mama mwenye karatasi yake jikoni mbali na msikiti, au kijana ambaye simu yake imewekwa saa za Kigali?

Mchapaji hataliona hilo. Yeye anapokea faili na kubonyeza. Anayetakiwa kuuliza "hii ratiba ni ya mji gani?" ni msanifu, kwa kuwa kazi yake inaanza kabla ya rangi. Anauliza nani atasoma, atasomea wapi, kwa mwanga gani. Mzee wa miaka 70 ataisoma alfajiri kwa tochi. Basi tarakimu za Alfajiri na Magharibi ziwe kubwa kuliko za sala nyingine, mistari ipishane rangi kidogo ili jicho lisiteleze kutoka siku ya 12 kwenda ya 13, na jina la mji liandikwe juu kabisa. Huo ndio usanifu wa michoro. Maua yanakuja mwisho, kama nafasi ipo.

Tena kuna la pili ambalo linatuuma zaidi. Herufi za Kiarabu hushikana, na herufi nyingi zina sura nne: mwanzo wa neno, katikati, mwisho, na ikiwa peke yake. Maandishi hutoka kulia kwenda kushoto. Programu ya kompyuta ambayo haikutayarishwa kwa Kiarabu huzikata herufi zote vipande na kuzipanga kutoka kushoto. Tumeona mabango ya shughuli za dini ambayo Bismillahi imeandikwa kinyumenyume, herufi moja moja zimetengana kama sambaza waliotandazwa juani, nayo yametundikwa juu ya vichwa vya mashehe waliokaa mbele, hakuna aliyesema neno. Mchapaji hana kosa, hajui kusoma Kiarabu. Mteja anajua kusoma lakini hakutazama. Sasa vijana wanaiagiza akili mnemba iwatolee bango zima kwa dakika moja, na wakati mwingine inawaletea maumbo yanayofanana na Kiarabu kwa mbali tu, ukijaribu kuyasoma hayasomeki.

Ni nani basi katika nchi hii anaweza kufanya kazi hiyo sawasawa? Ni mtoto aliyepita madrasa na akajua kuchora! Anaijua ain ya katikati na ain ya mwisho tangu ana miaka 6. Anajua pia kwamba karatasi ya kugawa sokoni itatupwa chini na kukanyagwa, hivyo hatoweka aya juu yake hata kamati ikimlazimisha. Elimu hiyo haifundishwi katika chuo chochote cha kompyuta. Tunayo nyumbani, na tunamwambia mwenye nayo akatafute kazi nyingine.

Tuje kwenye haramu. Hapa hatuchezi. Hadithi kuhusu wachoraji wa viumbe zipo katika Bukhari na Muslim, ni sahihi, na hakuna wa kuzifuta kwa sababu ya soko. Lakini katika vitabu hivyo hivyo mna habari ya mtu aliyemjia Ibn Abbas (r.a.) akamwambia kwamba maisha yake yanategemea kutengeneza picha. Ibn Abbas alimsomea onyo la Mtume (s.a.w.), na mtu yule alipobadilika uso kwa hofu, akamwelekeza achore miti na kila kisicho na roho. Angalieni busara hiyo: hakumwambia atupe kalamu akaombe mitaani, alimwonyesha upande wa kuielekeza. Kuhusu picha za kamera wanazuoni wamekhitilafiana, na kila familia imuulize inayemwamini. Tunachokataa ni mtu ambaye sura yake imejaa bango zima la mhadhara wake, kisha anamwambia mtoto mwenye rula na bikari kwamba mistari yake ni haramu.

Na huo upande usio na roho ndio uliojengwa na Waislamu kuliko umma wowote. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ndiye anayetajwa kwa kuziwekea herufi vipimo: nukta moja ya kalamu ya mwanzi ikawa kipimo, alifu ikahesabiwa kwa nukta, na herufi nyingine zikapimwa kwa duara ambalo alifu ni kipenyo chake. Msanifu wa leo anayepanga herufi kwa vipimo anafanya kazi ya jinsi ile ile. Katika pwani yetu ya Waswahili, msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulijulikana kwa misahafu iliyoandikwa na kupambwa kwa mkono. Kisiwa, tena kisiwa kidogo! Vigae vya Alhambra vilimfanya mchoraji wa Kiholanzi M. C. Escher aende Granada mwaka 1922 na kurudi 1936 kuvinakili. Ametoka mbali kuja kujifunza kwa mafundi wetu, nasi tunawaficha watoto wetu wasijifunze.

Hapa Rwanda penyewe tuna imigongo, ile kazi ya wanawake wa upande wa Kirehe ya kupamba kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu: pembe, miraba, mistari ya kwenda na kurudi, nyeusi, nyeupe, nyekundu. Mapambo yake ya jadi hayana kiumbe. Mtoto wa Kiislamu anaweza kuyachukua, akayakutanisha na nyota za pembe nane za misikiti, na akatoa kitu kisichopatikana Dubai wala Istanbul.

Kuna wanaosema kazi hii ni ya wageni, haikuzaliwa kisiwani. Tunawauliza: sambaza walizaliwa Kivu? Samaki hao waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo ukimwambia mvuvi wa Nkombo kwamba sambaza ni mgeni atakucheka, maana ndio ada ya shule na ndio sabuni. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawashwa usiku, watu wanaimba wakipiga kasia, na asubuhi mzigo unavuka kwenda Kamembe. Kilicholetwa kikawa chetu kwa kuwa tulijifunza kukivua.

Na hao hao sambaza wanahitaji msanifu. Wanauzwa kwa kopo na kwa beseni, bila jina, kila mtu kama mwenzake. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, bidhaa zikalazimika kuingia katika karatasi na vifungashio vingine, na kila kifungashio kinataka maandishi, uzito, tarehe, namna ya kupika, jina la mwenye mali. Kahawa ya nchi hii inasafiri katika mifuko ambayo mtu alikaa akaifikiria. Sambaza mkavu wa Nkombo angewekwa katika pakiti yenye jina la kisiwa, mnunuzi wa Kigali angejua wa kumrudia. Kuna maandishi ya Kinyarwanda, Kiingereza, Kifaransa, na Kiswahili ambacho Bunge letu lilikipitisha mwaka 2017 kuwa lugha rasmi. Mtoto wa Nkombo anazungumza lugha ya kisiwa nyumbani, Kinyarwanda shuleni na Kiswahili sokoni na msikitini. Mtaji gani mwingine tunautafuta?

Sasa mzazi aliyelainika kidogo atauliza: basi aanzie wapi? Aanzie alipo, na hapa tunasema na wewe mwanafunzi zaidi ya baba yako.

Kalamu ya mwanzi inachongwa kwa kisu, bure. Mkaa upo. Andika alifu moja mara mia mpaka mkono uache kutetemeka, upime kwa nukta, kisha baa, kisha jiim. Jifunze kugawa duara mara sita na mara nane kwa bikari na rula tu, bila kupima kwa namba. Hiyo ni hesabu ambayo mwalimu wako ataifurahia. Chora mtumbwi ule ule asubuhi, mchana na jioni uone kivuli kinavyohama. Kusanya karatasi zilizochapwa: kifuko cha chai, tangazo la chanjo, kasha la kiberiti. Jiulize jicho lako lilianza kuangalia wapi, na kwa nini. Chukua tangazo baya uliloliona ukutani, ulipange upya kwa mkono, uliandike upya mara tatu. Weka tarehe nyuma ya kila karatasi, usitupe zile mbaya. Baada ya mwaka utakuwa na mkoba wa kazi, na mkoba huo ndio utakaokusemea mbele ya mwalimu wa chuo pale ambapo maneno ya baba hayatoshi.

Kompyuta itakuja. Ukiipata hata kwa saa mbili kwa wiki huko Kamembe, usinunue programu ya wizi. Kuiba ni kuiba hata ikiwa ndani ya CD au flashi. Inkscape ipo tangu 2003, GIMP tangu miaka ya 1990, zote bure kwa halali, zinafanya kazi bila intaneti zikishawekwa. Kwa Kiarabu ipo herufi ya Amiri, iliyofufua naskhi ya matbaa ya Bulaq ya Misri, nayo ni bure. Kwa hizo Bismillahi yako haitapinduka.

Kisha shule. Baada ya mwaka wa tatu wa sekondari njia ya ufundi ni halali kabisa, daraja la 3 hadi la 5, na humo mna fani ya multimedia. Anayetaka kuendelea ana vyuo vya Rwanda Polytechnic iliyoundwa mwaka 2017. Kwa mkono na jicho ipo Shule ya Sanaa ya Nyundo, wilaya ya Rubavu, tangu miaka ya 1950, ziwa letu hili hili ila ncha ya kaskazini. Ng'ambo ya mpaka, Makerere walianza kufundisha sanaa mwaka 1937. Wazazi wanaoogopa kwamba njia ya ufundi ni ya walioshindwa masomo, tunawaomba wakamwulize fundi umeme yeyote wa Kamembe anavyoishi.

Na mabinti? Hapa baadhi ya baba zetu wanakuwa wakali mara mbili. Lakini hebu tazameni kazi zote ambazo binti anaweza kuzifanya akiwa nyumbani, kwa stara yake, saa zake mwenyewe, na mteja asimwone hata uso: mtapata ngapi? Hii ni mojawapo.

Tunarudi kwa kamati, maana wao ndio wenye ufunguo. Ratiba za Ramadhani huchapwa Shaabani. Kamati ya msikiti, kabla ya kumpelekea mchapaji nakala ya mwaka jana, imwite kijana mmoja anayechora, wa Nkombo au wa Kamembe, wa kike au wa kiume. Imwandikie inachotaka: mji gani, karatasi ya ukubwa gani, nakala ngapi, siku ya mwisho ni ipi. Masahihisho yawe mara mbili, hakuna ya tatu bila malipo. Katika bajeti, chini ya mstari wa "kuchapa", uwekwe mstari wa "kusanifu" wenye faranga mbele yake, na jina la kijana liwekwe chini ya ratiba kwa herufi ndogo. Baba yake ataiona karatasi hiyo siku 30 mfululizo, alfajiri na magharibi.

Na kabla ya yote hayo, mwenyekiti amuulize kijana bei yake, kisha anyamaze amsubiri ajibu.

Wabillahi tawfiq.